Mikono Baridi mu Mwezi wa Kumi

Mimi niko muntu wa matofali. Sikusoma sana: miaka mbili kwa bapadri, kisha baba akakufa na masomo ikaishia pale. Lakini ukitembea Lubumbashi leo, hasa mu mutaa wetu wa Kenya, utapita mbele ya kuta nyingi zilizotoka mu mikono yangu, na hazijapasuka. Nilianza kwa kubeba kichwani matofali ya bantu bengine. Mwisho nikawa na tanuru yangu na bantu sita ba kazi. Hakuna aliyenipa. Ninasema hivi mapema ili usifikiri anayeandika hapa ni munganga. Mambo ya damu na moyo nilijifunza siku moja tu, na nilijifunza sababu kidogo nimuue muke wangu na mapendo yangu mwenyewe.

Vita ya pili ya dunia ilikuwa imekwisha. Bazungu balikuwa bangali banaita muji wetu Élisabethville, na sisi tulikuwa tunauita Lubumbashi, jina la mto wake. Tulikaa Kenya, mu nyumba ya vyumba viwili niliyoijenga na matofali yangu, yale yaliyoiva vibaya, ambayo hakuna mununuzi aliyeyataka. Muke wangu alikuwa anaambia bantu kwamba anaishi ndani ya makosa yangu. Alikuwa na ulimi, mwanamuke yule. Mufupi, mweusi sana, mwendo wa mbio. Ukimuambia apumuzike, anakuuliza kama wewe njo utapika.

Ilikuwa mimba ya tatu; batoto babili ba kwanza tulikuwa tumebapeleka kwa ndugu yangu. Mama yake alikuja kutoka kijiji cha upande wa Kipushi ili amusaidie. Hapa lazima nieleze kitu, sababu batoto ba leo hawakijui tena. Kwetu, mwanaume na mama mukwe wake hawaangaliani. Hawali pamoja, hawapeani mukono, hawasemezani uso kwa uso. Si chuki. Ni heshima, na ni nzito kuliko heshima ya kanisa. Basi mama mukwe alilala kwa jirani yetu, mwanamuke mujane, nyumba ya kando. Mimi nikitoka kwenda kazi, yeye anaingia kwangu. Nikirudi na kukohoa pa kiwanja, yeye anatoka kwa mulango wa nyuma. Akiwa na neno kwangu, anamupa jirani, na jirani ananiletea, hata kama mama mukwe mwenyewe amesimama nyuma ya ukuta na ninamusikia vizuri akilisema. Tuliishi hivyo wiki tatu. Alikuwa ananibakishia kichwa cha samaki, mimi nilikuwa ninamunulia tumbako, na sikujua sura yake iko namna gani.

Mutoto alikuja mu mwezi wa kumi. Mwenye kukaa Katanga anaujua mwezi ule: mvua haijafika, vumbi nyekundu inaingia mpaka mu meno, na mabati inalia juu ya kichwa kwa sababu ya joto. Uchungu ulimukamata muke wangu mbele ya jua kutoka. Alikuwa na kadi ya lopitalo, ile ya banamuke ba mimba, na tulikuwa tumepatana azalie kule. Lakini mutoto wa tatu hangoji gari, na mama mukwe alikuwa amekwisha kupokea batoto bengi mu kijiji chake. Jua lilipotoka nilisikia kilio. Mutoto mwanamuke. Nilikuwa nimekaa pa kiwanja juu ya ndoo, nikasimama, nikakaa tena.

Jirani akatoka na beseni iliyofunikwa na kitambaa. Nikamuuliza kama yote imeenda muzuri. Akasema damu ilikuwa mingi, na ingali inatoka kidogo-kidogo, lakini mama anasema ni ile ya miezi tisa, lazima itoke. Nikakubali. Mimi nilijua nini?

Niliingia kumuona, mama mukwe akiwa amekwisha kutoka kwa nyuma. Muke wangu alikuwa amekaa pa kitanda, mugongo pa ukuta, anafunga mutoto mu kitambaa. Akanicheka sababu nilikuwa na udongo mu ndevu. Nikamuuliza iko namna gani.

"Niko muzima," akasema. "Angalia mutoto. Mimi umekwisha kuniona."

Nikaangalia mutoto. Njo kosa langu la kwanza. Muntu akiongea, akicheka, akifunga kitambaa na fundo lililonyooka, unamuona muzima. Lakini mambo ilikuwako, niliyaona na sikuyajua. Mushipa wa shingo yake ulikuwa unaruka mbio-mbio. Alikuwa anapumua kama muntu aliyepanda kilima, na alikuwa amekaa. Alikuwa amekunywa jagi nzima ya maji na anaomba ingine. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Na aliponipa mutoto, vidole vyake viligusa mukono wangu, na vilikuwa baridi na jasho, kama tofali bichi lililolala inje. Mu mwezi wa kumi, na mabati inalia.

"Uko baridi," nikamuambia.

"Wewe njo uko moto. Unanuka tanuru."

Nikatoka nikamuambia jirani, jirani akapeleka kwa mama mukwe, na jibu likarudi palepale. Mwanamuke akizala, mwili wake unabaki wazi kama nyumba bila mulango, na upepo wa asubuhi umemuingia. Dawa inajulikana: kumukanda na maji ya moto, tumbo, mugongo na miguu; mbabula, yale majiko ya makala, karibu na kitanda; mablanketi. Mukwe alete makala.

Unafikiri muchoma matofali atakataa? Maisha yangu yote ilikuwa moto. Kitu kikiwa kibichi na kimenywa maji, unakitia mu moto na kinapata nguvu. Nilileta makala. Nikawasha mbabula mbili mimi mwenyewe, nikapuliza mpaka makala ikawa nyekundu, nikazipitisha kwa jirani pa dirisha ili nisikutane na mama mukwe. Nilikuwa na furaha kwamba mimi pia nimepata kazi ya kufanya. Mwanaume ambaye muke wake anazala ni muntu wa bure kabisa pa kiwanja chake.

Kisha nikasikia maji inamwagika. Kisha kimya. Kisha kitu kizito kinaanguka.

Jirani akatoka, macho makubwa. Balikuwa bamemusimamisha mu beseni kubwa ya kufulia, bakamumwagia maji ya kwanza, na akalegea mu mikono yao kama nguo. Balipomulaza chini pa mukeka akafungua macho. Mama mukwe alisema nisiogope, ni ile baridi inapigana mbele ya kutoka. Atamuacha apumuzike, kisha atamuosha mara ya pili, na maji iwe moto zaidi. Lakini makala ilikuwa inaisha.

Nikapanda kinga, ile baisikeli yangu, kwenda kuchukua gunia la makala ku tanuru, kule mwisho wa muji ambako mashamba inaanza.

Pa njia kulikuwa disipanseri, na infirmier, muuguzi wa pale, alikuwa amesimama pa mulango anapunga hewa. Kijana wa Kasai, miwani, shati nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alikuwa anajenga nyumba, na matofali ilikuwa yangu.

"Mukubwa," akaniita, "matofali yako inapunguka kila wiki kama sabuni. Nikimaliza hii nyumba nitalala nimekunja miguu."

Siku ingine ningemujibu kwamba ni miguu yake inayorefuka. Siku ile nilisimama kwa majivuno, nikamuambia nimepata binti, na nina haraka ya makala sababu mama ya mutoto ameshikwa na baridi. Akacheka, akanipa mukono. Kisha akauliza ni baridi ya namna gani. Nikamuelezea kama ninasimulia hadithi: damu, kiu, pumzi, kuanguka mu beseni, kuamuka pa mukeka. Niliona kicheko kinatoka usoni mwake kidogo-kidogo. Akaniuliza kama amekojoa. Nikakasirika, hayo ni maswali gani ya kuuliza mwanaume mu barabara. Lakini nikakumbuka jirani alishangaa kwamba na maji yote ile, muke wangu hajaenda hata mara moja. Akauliza rangi ya viganja. Nikasema vimekuwa vyeupe. Akauliza, alipoamuka, alikuwa amekaa ao amelala. Amelala, nikasema.

Akashika usukani wa kinga yangu.

"Nisikie, mukubwa. Tanuru yako inawaka, na kuni imekuwa kidogo, haitatosha. Unafanya nini?"

Nikamuambia kwamba hata muntu wangu wa mwisho anajua ile. Ninaziba na udongo midomo ya pembeni, ile ya kutilia kuni. Moto unabaki katikati. Matofali ya kando itabaki mabichi, lakini ya moyo wa tanuru itaiva.

"Na muntu akikuja, akagusa pembeni, akaona kuko baridi, akakuhurumia, akafungua ile midomo yote?"

Nikaanza kugeuza kinga kuelekea nyumbani.

Akaniambia yote kwa haraka, na nimeyabeba mpaka leo. Muke wangu amebaki na damu kidogo, na mwili wake haukukaa bure. Umeziba mikono, umeziba miguu, umeziba ngozi, umefunga mpaka mukojo, ili ile damu kidogo ifike mu moyo na mu kichwa. Baridi ile haikutoka inje. Ni mwili wenyewe unaojinyima. Moyo unakimbia sababu damu kidogo lazima izunguke mara nyingi ili ifanye kazi ya ile mingi, na pumzi inakimbia pamoja na moyo. Kiu ni mishipa inayoomba kujazwa. Ukimumwagia maji ya moto, ngozi inafunguka, damu inatoka kwenda pembeni, moyo unabaki na kitu kidogo sana, na anaanguka. Ukimusimamisha, damu inateremuka mu miguu, na anaanguka. Yeye ameziba, sisi tunazibua.

"Mara ya kwanza ameamuka," akasema. "Mara ya pili, sijui. Rudi. Mulaze, miguu juu, blanketi moja nyepesi, mbabula inje. Mimi ninaita ambilansi."

Sijui namna nilikanyaga ile kinga. Ninakumbuka tu mbuzi moja aliyeruka mbele yangu.

Nilipofika, jirani hakuwa pa kiwanja. Alikuwa ameenda kuteka maji ya kuongezea, sababu mama mukwe hakungoja makala, alikuwa amekwisha kuanza kuosha mara ya pili. Mulango ulikuwa umefungwa, na ndani nilisikia mumiminiko. Unielewe hapa. Hakukuwa muntu wa kunibebea neno. Mama mukwe alikuwa ndani, na binti yake uchi mbele yake, na neno langu halikuweza kungoja. Nilikohoa kwa sababu ya mazoea. Maji ikaendelea. Nikasukuma mulango.

Chumba kilikuwa kimejaa mvuke. Muke wangu alikuwa amekaa pa kigoda ndani ya beseni, kichwa kimeinama pa kifua. Mama yake alikuwa anamushika bega na mukono moja, na mukono mwingine ulikuwa na kikombe cha maji inayotoa moshi. Aliponiona akavuta kitambaa chake usoni na kugeukia ukuta, lakini bega hakuliachilia. Njo mara ya kwanza kumuona. Muzee mudogo, mwembamba kuliko nilivyofikiri. Mikono yake ilikuwa imevimba, na vidole ilikuwa na malengelenge. Asubuhi yote alikuwa anaichoma mu ile maji ili amuponyeshe mutoto wake.

"Toka," akauambia ukuta. "Unanivua nguo mbele ya mutoto wangu."

"Mama, nitalipa hii kosa kisha. Mulaze chini. Hii maji inamuua."

"Nimezalisha kijiji kizima."

"Ninajua."

"Na wewe unajua matofali."

"Ninajua matofali, mama. Njo maana ninakuambia."

Maneno ya infirmier ilikuwa imenipotea njiani. Nilimuambia tu kwamba si upepo uliomuingia, ni damu iliyomuisha, na mwili wake umejifunga pembeni ili ubakishe ya moyo. Tukimupasha moto, tunamufungua. Sijui kama alielewa. Ninafikiri alisikia kitu kingine: kwamba mukwe wake, ambaye wiki tatu hakukosa heshima hata mara moja, ameingia na hatoki. Akaweka kikombe chini. Akaondoa kitambaa usoni. Akaniangalia, na mimi nikamuangalia.

"Shika miguu," akasema.

Tulimubeba pamoja. Chini ya mugongo wa muke wangu mikono yetu ilikutana, yangu na ya mama mukwe, na hakuna aliyeirudisha.

Tulimulaza pa mukeka. Nikatoka kuleta matofali mane, nikayapanga, tukaweka juu yake kitambaa kilichokunjwa na miguu yake juu ya kitambaa. Mama mukwe alitoa mbabula inje mwenyewe, moja, kisha ingine. Tukamufunika na blanketi moja. Alikuwa baridi zaidi kuliko asubuhi, na mimi, muntu wa moto, nilikaa kando yake nikijikataza kumupasha. Ile ilikuwa kazi ya nguvu kuliko matofali yote niliyobeba. Mikono yangu ilikuwa inataka kusugua yake. Niliikalia. Kweli, niliikalia, kama mutoto wa shule.

Baada ya kitambo alifungua macho.

"Mbona munapigana?" akauliza, sauti kama karatasi.

"Hatupigani."

"Mama anaongea na wewe?"

"Anaongea."

Akafunga macho tena. "Basi ninakufa kweli."

Mama yake akacheka. Alicheka na machozi inamutoka, na akamupiga binti yake kofi kidogo pa goti, vile banapiga mutoto aliyetukana mbele ya bageni. Na mimi niliangalia kando, si kwa heshima, ni kwa sababu ya macho yangu.

Ambilansi ikafika. Infirmier alikuwa ndani, miwani imejaa vumbi. Aligeuza kope la chini la jicho la muke wangu na kidole, akanionyesha: ndani kulikuwa kweupe kama bukari, ule ugali wetu. Ku lopitalo ya bantu beusi, munganga muzungu alikuta kipande cha kondo kimebaki ndani, na sababu ya kile kipande damu ilikuwa haikauki. Akakitoa. Kisha bakasema mwili umefanya kazi yake yote, sasa umefika mwisho, lazima apewe damu ya muntu.

Sitaficha: niliogopa. Siku zile habari ya batumbula ilikuwa mu kila kinywa, bantu banaosemwa banakamata bengine na kubanyonya damu, na hakuna aliyepita karibu na lopitalo na sindano bila kufikiri ile. Na mimi mwili wangu njo mali yangu yote. Sina barua ya shule, nina mabega. Damu ikitoka, mabega itabaki na nini? Infirmier aliona uso wangu. Hakunihubiria. Aliniambia bamekwisha kupima, yangu inapatana na yake, na kwamba mama mukwe, mu koridoo, amekwisha kukunja mukono wa nguo yake anataka kutoa, na bamemukatalia sababu ya uzee.

Nikalala. Bakajaza chupa. Niliiangalia ikijaa, nyeusi kuliko nilivyofikiri, na ilikuwa na joto. Nilijua sababu baliipitisha karibu na mukono wangu. Bakaniambia nibaki nimelala kidogo. Lakini kulikuwa na bantu pale, na mimi niko mwanaume mwenye bantu sita ba kazi. Nikasimama mara moja, kifua mbele.

Nilipofungua macho nilikuwa chini, na infirmier ameshika miguu yangu juu.

"Chupa moja, mukubwa," akaniambia polepole. "Chupa moja tu, na umeanguka. Yeye ilimutoka mara nyingi kuliko hii, na alikuwa anafunga mutoto na kukufanyia muzaha."

Nimesikia maneno mingi mu maisha. Hakuna lililoniingia kama lile. Asubuhi ile yote, wakati mimi ninasema yuko muzima, yeye alikuwa mu kazi ambayo mimi nisingeweza, kazi ya ndani, bila muntu wa kumuona wala kumusifu. Kile kicheko alichonicheka, ilikuwa nguvu ya moyo unaokimbia. Na alikitumia kwangu.

Damu yangu ilimuingia mchana ule, na ingine ya muntu nisiyemujua, Mungu amubariki. Infirmier alinionyesha namna ya kuangalia. Kwanza moyo unapunguza mbio. Kisha pumzi inashuka. Kisha rangi inarudi mu midomo. Mwisho kabisa, saa ya jua kuanza kuinama, vidole vyake. Ninakumbuka ni kidole kidogo kilichoanza. Mwili ulikuwa unafungua milango yake mwenyewe, moja-moja, bila muntu wa kuisukuma.

Baada ya siku sita tukarudi Kenya. Infirmier alikuwa ametuonya kwamba damu tuliyomupa ni ya kuazima tu. Yake mwenyewe inatengenezwa ndani ya mifupa, na itachukua wiki nyingi. Nilimuuliza mara mbili: ndani ya mifupa? Akasema ndiyo. Ale maini, ale maharagi, mboga za lengalenga na sombe, na samaki. Na asibebe maji.

Nilimaliza mambo yangu na mama mukwe vile inavyotakiwa. Nikamupelekea kuku mweupe na kipande cha kitambaa kupitia kwa jirani, ili kosa liondoke. Akapokea. Tukarudi ku heshima yetu: mimi ninakohoa, yeye anatoka kwa nyuma. Lakini alitoka polepole, si kama zamani, na mara zingine nilikuta mugongo wake ungali mu mulango. Mikono yake ilipona. Nilimunulia mafuta ya kupaka, na jirani akaniletea jibu kwamba inanuka muzuri.

Maji nikabeba mimi. Mu Kenya ya siku zile mwanaume na ndoo pa robine, ile bomba ya maji ya wote, kati ya banamuke, ilikuwa sinema ya bure. Banamuke balinipisha mbele na kunipigia vigelegele. Banaume bakaniuliza kama nimeolewa. Moja wa bantu bangu ba kazi alisema mukubwa ameacha udongo, sasa anachota maji yake tu. Nikamuambia akifunga kinywa nitamuonyesha namna ya kubeba ndoo mbili, na akafunga. Nilipika pia. Mulingo wa chumvi sikuujua kamwe.

Muke wangu hakuwa mugonjwa mutulivu. Kila siku alijipimia njia. Siku ya kwanza mpaka mulangoni, anashika ukuta, anangoja moyo utulie. Siku zingine mpaka kwa jirani. Kisha mpaka kona. Alikuwa anasimama njiani kama muntu anayetafuta kitu chini, ili bantu basijue kwamba anatafuta pumzi. Nilimufuata nyuma kila mara na ndoo mukononi, nikijifanya kwamba ninaenda robine. Alijua. Hakugeuka.

Wiki nyingi zilikuwa zimepita na mvua imekwisha kuanza, na siku moja asubuhi barabara ilikuwa matope matupu. Akatoka na ndoo yake kichwani, mutoto mugongoni. Nikasema hapana. Hakunisikia, ao alinisikia. Nikachukua ndoo yangu, nikafuata. Akapita kwa jirani, akapita kona, akafika robine, banamuke bakamupisha. Akajaza. Moja wao akamusaidia kuitwika kichwani. Nilijisogeza mbele yake, mu njia nyembamba kati ya matope, nikanyoosha mikono niipokee.

"Toka njiani," akasema. Hakuwa anahema.

Nikatoka, nikaingia matope mpaka kifundo cha muguu. Akanipita na ule mwendo wake wa mbio, maji haimwagiki. Nikamufuata mpaka nyumbani na ndoo yangu tupu, na Kenya yote inaniangalia.